Rimoti Iliyokataliwa

Inspekta Chepngeno alilizunguka lile gari kabla ya kuligusa. Lilikuwa uani mwa kituo kimoja cha polisi mjini Bungoma, rangi ya kijivu, limepigwa na jua la asubuhi, na vumbi la barabara ya Kitale bado liko kwenye magurudumu. Mwenye gari alikuwa Phanice Jelimo, mkaguzi wa mbegu kutoka Kitale, ambaye hakuna aliyemwona tangu Alhamisi jioni. Sasa ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa alfajiri wachuuzi wa Kanduyi walilikuta limeegeshwa kando ya soko, milango yote imefungwa. Walipochungulia kioo wakaona mkoba wa mwanamke juu ya kiti, na rimoti ya gari juu ya mkoba. Polisi wa pale wakalifungua kwa waya. Hapakuwa na damu wala simu. Kufikia mchana walikuwa wamemkamata fundi wa funguo aitwaye Nangila, ambaye kibanda chake kinatazamana na mahali gari lilipokuwa. Namba yake ndiyo Phanice aliyoipigia mwisho kabla ya simu yake kuzimika, na yeye alikuwa ameapa kwamba hamjui kabisa.

"Hii si imeisha, Madam," alisema Sajini Wachira, msaidizi wake, huku akijipepea kwa kofia. "Bwana yake amesema rimoti ilikuwa na shida. Mama akajifungia ufunguo ndani, akaenda kutafuta fundi, fundi akammaliza. Hata redio imetangaza."

"Akammaliza kwa sababu gani?"

"Simu. Siku hizi mtu anauawa kwa simu."

"Na mkoba akauacha? Una kadi ya benki na hereni za dhahabu."

"Labda alishindwa kufungua gari."

Chepngeno alimtazama. "Fundi wa funguo?"

Wachira akavaa kofia yake.

Chepngeno alivaa glavu, akaingia upande wa dereva. Alikuwa mfupi, na kwenye picha waliyopewa Phanice naye alikuwa mfupi, hivyo hakushangaa kukuta kiti kimesogezwa mbele hadi magoti yake yakagusa dashibodi. Lakini alipoinua macho kutazama kioo cha kati hakuona barabara ya nyuma. Aliona dari. Alijivuta juu ya kiti, akanyoosha shingo kama kuku anayesikiliza mwewe, na bado aliona dari.

"Wachira, wewe ni mrefu. Kaa hapa. Unaona nini?"

Sajini alijikunja akaingia, magoti yakamfika kidevuni. "Naona lango la kituo, Madam. Lote."

"Basi aliyeendesha mwisho alikuwa na kimo chako. Kiti alikumbuka kukirudisha. Kioo akakisahau."

Wachira alitoka garini taratibu. Alijua mume wa Phanice, Kabiru, alikuwa mrefu. Lakini vijana wengi wa Bungoma walikuwa warefu pia, na Nangila angeweza kuwa na wenzake. Chepngeno naye aliliwaza hilo. Hakuwa mtu wa kulibeba neno moja akalikimbiza hadi mahakamani.

Akaichukua rimoti. Alama za vidole za nje zilikuwa zimeshachukuliwa jana. Akabonyeza: kimya. Akabonyeza tena akitazama kile kitaa kidogo kilicho karibu na vibonyezo. Hakikuwaka. Ubavuni mwa rimoti palikuwa na kilimi cha kuvuta. Akakivuta, ukatoka ufunguo mwembamba wa chuma, ule wa kufungulia mlango siku betri inapokufa. Akaupenyeza kwenye mshono wa rimoti, akaupinda kidogo. Kifuniko kikaachia.

Betri ilikuwa ndani, bapa kama sarafu, inang'aa upya. Maandishi ambayo yangepaswa kutazama juu yalikuwa yametazama chini.

"Imewekwa kifudifudi," alisema.

"Si ndiyo hiyo! Kazi ya fundi mbovu."

Chepngeno aliisogeza betri kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na doa hafifu la rangi ya waridi, kama poda, na ndani yake mistari ya kidole gumba. Akalichukua doa kwa utepe wa gundi, akaufunga ule utepe kwenye mfuko. Kisha akaigeuza betri ikakaa sawasawa, akafunga kifuniko, akabonyeza. Kitaa kikawaka chekundu. Gari nalo likapepesa taa zake zote na vishikio vikalia *klak*.

"Betri nzima. Sasa tuone gari lenyewe linasemaje."

Aliliwasha kwa kitufe, akateremsha kioo cha dereva, akalizima. Akaiacha rimoti juu ya kiti kile kilichokutwa na mkoba, akatoka, akabonyeza kitufe cha ndani cha kufunga, akausukuma mlango. Gari likapiga kelele kali za mfululizo, na milango ikajifungua yenyewe.

"Linajua ufunguo uko ndani," Wachira alisema. "Linakataa."

"Haya."

Akaingiza mkono dirishani, akaitoa rimoti, akaigeuza betri kifudifudi kama walivyoikuta. Akafanya vilevile. Safari hii milango ilifungwa bila mlio wowote.

Wote wawili walisimama wakilitazama gari. Mbali kidogo mahabusu mmoja alikuwa akifagia ua, naye akasimama akatazama pia, hadi askari alipomkemea.

"Mtu alitaka ufunguo uonekane umefungiwa ndani," Chepngeno alisema polepole. "Alijaribu, gari likampigia kelele. Pengine kelele ile ilimtisha. Akafungua rimoti, akageuza betri, likakubali. Angeitoa betri kabisa tungeuliza iko wapi. Akiigeuza tutasema ni fundi."

"Lakini Madam, si fundi anaweza kuwa aliiweka hivyo siku nyingi? Mama akawa anaendesha vivyo hivyo. Ukiibana rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, gari linawaka hata betri ikiwa imekufa."

Lilikuwa swali zuri, na Chepngeno alimwambia hivyo. Kisha akampigia simu askari wa lango katika ofisi ya Phanice kule Kitale. Aliweka sauti ya nje ili Wachira asikie.

"Mama Jelimo aliondokaje Alhamisi?"

"Kama kawaida, afande," sauti ilijibu. "Anabonyeza akiwa pale mlangoni kwa ofisi, taa zinawaka, mimi nikiona taa nafungua geti. Kila siku ni hivyo."

"Wiki hii nzima?"

"Kutoka Jumanne nzuri kabisa. Wiki iliyopita ndiyo alikuwa analalamika."

"Alilalamika nini? Kwamba haifungui?"

"Hapana. Ati gari linajifungua lenyewe."

Chepngeno alikata simu, akaenda kuomba yule fundi aletwe.

*

Nangila aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na lesso begani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, vidole vyeusi kwa grisi na vumbi la chuma. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliye tayari kuondoka.

"Nilishasema," alianza. "Huyo mama simjui. Simu hupigwa na watu wengi."

Chepngeno alivuta kiti. Aliiweka rimoti mezani, akaifungua mbele yake, akaisukuma karibu. Betri ilikuwa bado kifudifudi.

"Hii ndiyo kazi yako?"

Nangila aliinama kutazama. Uso wake ukabadilika. Hasira ilimpanda kabla ya hofu. "Nani ameweka hivi? Mimi? Mimi siweki betri kifudifudi! Hii niliiweka sawa, na nikajaribu hadi kule kwa wauza nyanya..."

Akanyamaza. Alikuwa ameshasema.

"Endelea," Chepngeno alisema.

"Nyinyi polisi mnajuana. Nikisema nitakuwa nimemwuza yule mama."

"Ukinyamaza nani anafaidika? Wewe unalala seli. Yeye hajulikani aliko. Nangila, mimi nimetoka Kitale kumtafuta akiwa hai."

Fundi aliushika ukingo wa lesso. Nje lori lilipita likitetemesha madirisha, na alisubiri lipite.

"Alikuja Jumatatu jioni," alisema mwishowe. Alipoongea haraka, ulimi wake ulibadilisha r na l kama watu wa kwao wanavyofanya. "Akasema gali linafunguka lenyewe. Anafunga usiku, asubuhi anakuta liko wazi. Anashuku betri. Nikamwambia betri ikichoka, gali linakataa kufunguka. Unasogea karibu, unabonyeza mara nyingi. Halijifungui ati kwa sababu betri imechoka."

"Nini hulifanya lijifungue?"

"Kibonyezo kikikwama. Ama kikiwa chini ya vitu kwa mkoba. Nikafungua, nikasafisha kwa spiriti. Nikaweka betri mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imeisha kweli. Nikatembea nayo mbali, ikashika. Kila kitu kizuri. Basi nikachomeka mashine kwa gali, niangalie kompyuta yake." Akainua vidole viwili. "Ikasema funguo ni mbiri."

"Mbili?"

"Mbili, afande. Nikamwuliza, mama, ya pili iko wapi? Akasema hana, gari lilinunuliwa na moja. Nikamwambia mashine haijui kudanganya. Kuna mtu anafungua gari lako."

"Akasemaje?"

"Alikaa pale kwa stuli yangu. Halafu akasema kuna vitu vya kazi yake anaweka kwa buti, na vinabadilishwa. Anaweka hiki, anakuta kingine kinachofanana. Alidhani anachanganyikiwa akili. Akaniambia, futa hiyo ya pili. Nikafuta."

"Ukishafuta, mwenye nayo ataona nini?"

"Ataona ajabu. Akibonyeza, taa yake itawaka, maana ina betri. Lakini gari halimjui tena. Atadhani ni betri. Atabadilisha betri mpaka achoke."

Chepngeno aliandika neno moja tu akilini: betri. "Na Alhamisi alikupigia kwa nini?"

"Aliuliza kama mashine inaweza kuonyesha siku ambayo ile ya pili ilitumika. Nikasema hapana. Akasema," Nangila alikaza lesso yake, "akasema, basi nitamwuliza mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Hakusema. Mimi nilimwambia asiulize akiwa peke yake. Aliniapisha nisimwambie mtu, ndiyo maana nilikataa kumjua. Na pia, afande, kufuta ufunguo wa gari la watu, mtu akitaka kunifunga, si ananifunga?"

Chepngeno aliomba kuiona mikono yake. Aliigeuza, akachungulia chini ya kila kucha. Grisi na chuma. Hapakuwa na waridi popote.

Hakuweza kumwachilia siku ile. Mpelelezi mwenye kesi pale Bungoma alitaka ushahidi zaidi ya maneno. Lakini alimwomba amtoe Nangila seli ya pamoja, ampe kiti karibu na dawati la mapokezi, na mtu wa nyumbani aruhusiwe kumletea chakula. Kisha akaomba jambo la pili lililomshangaza yule mwenye kesi: kibali cha kuliendesha gari la Phanice hadi Kitale.

*

Walipita Kiminini mchana, Wachira nyuma na gari la polisi, Chepngeno mbele na lile la kijivu. Mashamba yalikuwa yamelimwa yote, udongo mwekundu umekaa ukisubiri, na kila duka la pembejeo lilikuwa na watu mlangoni. Ulikuwa msimu wa kununua mbegu. Mbegu za dukani hupakwa dawa yenye rangi. Mkulima akizishika vidole vyake hugeuka waridi. Chepngeno alikuwa amelelewa kwenye miteremko ya Mlima Elgon na alizijua rangi hizo. Lakini Phanice naye alishika mbegu kila siku. Doa lile lingeweza kuwa lake. Alijizuia.

Kabiru aliishi Milimani, mtaa wa Kitale wenye ua wa miti ya kei iliyokatwa vizuri. Walikuwapo wanawake wa kanisa wakimfariji. Chepngeno aliwaomba wakae nje kidogo. Gari aliliacha mbele ya lango, linaonekana kupitia dirisha la sebule.

"Mmelirudisha," Kabiru alisema. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Na yeye je?"

"Tunamtafuta. Pole sana, Bwana Kabiru. Nina maswali madogo tu, nifunge upande wa yule fundi."

Alipotaja kufunga upande wa fundi, mabega ya Kabiru yalishuka kidogo. Akamimina chai mwenyewe. Chepngeno alikipokea kikombe kwa mikono miwili, na kwa hiyo akaviona vidole vyake kwa karibu. Vilikuwa vimesuguliwa hadi ngozi ikabambuka, lakini kandokando ya kucha za gumba na shahada palikuwa na utepe mwembamba wa waridi.

"Wewe kazi yako ni ipi?"

"Nina malori. Nabeba maziwa."

"Mbegu hubebi?"

"Mbegu ni mambo ya Phanice. Mimi hata sizielewi."

"Hii shida ya rimoti. Korti watauliza. Ilianza lini hasa?"

"Nilishaeleza wenzako."

"Nieleze mimi, polepole. Mimi mambo ya magari yananishinda."

Kabiru alikaa. Alielekea kufurahi kupata jambo la kueleza. "Ilikuwa inafanya vizuri hadi mwisho wa juma. Jumanne usiku ikafa. Kabisa. Nikadhani ni betri, nikanunua nyingine pale mjini, nikaiweka mimi mwenyewe. Nikaangalia hata namba zake, maana ukiweka nyembamba haigusi. Ikawa ileile."

"Hata taa haikuwaka?"

"Taa iliwaka. Nyekundu, nzuri kabisa. Lakini gari haliitiki. Nikalibonyezea hata nikiwa ubavuni mwake. Haliitiki."

Wachira, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alianza kusogea polepole kuelekea mlango wa nyuma. Chepngeno alikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

"Na Jumatano Phanice alikwendaje kazini?"

"Aliibana tu kwenye kitufe cha kuwasha. Si unajua? Inawaka hivyo hata ikiwa imekufa."

"Betri ikiwa imekufa, ndiyo. Lakini hii betri ilikuwa nzima, umesema taa iliwaka. Ni gari ndilo lilikuwa halitaki." Aliweka kikombe chini. "Bwana Kabiru, askari wa lango la ofisi yao anasema Jumanne, Jumatano na Alhamisi Phanice alibonyeza akiwa mbali, na taa za gari zikawaka kila mara. Rimoti yake haikuwa na shida hata kidogo. Betri yake iliwekwa Bungoma Jumatatu. Sasa wewe ulikuwa unaweka betri kwenye rimoti gani?"

Kabiru aliinua birika, akalirudisha mezani bila kumimina.

"Jumatatu jioni Phanice aliifutisha rimoti ya pili kwenye kompyuta ya gari. Wewe ulimwambia gari lilinunuliwa na moja. Jumanne usiku kuna mtu alitoka hapa kwenda kufungua buti kama alivyozoea, akakuta haifungui. Akabadilisha betri. Taa ikawaka. Gari likamkataa."

"Nimechanganya siku," Kabiru alisema. "Mke wangu amepotea, unataka nikumbuke siku?"

"Siku hujachanganya. Umechanganya funguo."

Alisimama ghafla, akaelekea mlango wa nyuma. Wachira alikuwa ameshafika pale. Hawakupigana; Kabiru alitazama bega la sajini, akatazama dirisha, kisha mikono yake ikaanguka. Kwenye mfuko wa suruali Wachira alipata kishada cha funguo: wa nyumba, wa lori, mmoja mkubwa wa kufuli wenye poda ya waridi kwenye meno yake, na rimoti ya kijivu.

Chepngeno alisimama dirishani. Akaielekeza rimoti ile kwenye gari lililokuwa langoni, akabonyeza. Kitaa kikawaka. Gari likakaa kimya kama jiwe. Akatoa rimoti ya Phanice mfukoni, akabonyeza. Taa zikapepesa, vishikio vikalia *klak*, na wanawake wa kanisa waliokuwa karibu nalo wakaruka.

"Hii kubwa," alisema, akiushika ule wa kufuli kwa ncha za glavu, "inafungua wapi?"

Kabiru aligeuzia uso ukutani.

"Nisikilize. Mimi sijui kama yuko hai. Wewe unajua. Kama yuko hai na mimi nikachelewa kwa sababu ulikaa hapa ukinitazama, hiyo itakuwa kesi nyingine kabisa, na utakumbuka kikombe hiki cha chai maisha yako yote."

Kabiru alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti. "Sikumgusa," alisema. "Nilimfungia tu, gari nikalipeleka kwa huyo fundi aliyenitajia. Nilibadilisha sampuli zake za mbegu mpaka nikashindwa, nikataka tu msimu upite. Angenyamaza mpaka watu wapande, basi. Yeye hajui kunyamaza."

"Wapi?"

"Moi's Bridge. Stoo iliyo nyuma ya kinu cha posho."

*

Kinu kilikuwa kikinguruma walipofika, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kusikia kitu. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe yao, wamejaa unga hadi kope. Chepngeno aliwapita mbio, Wachira akimburuta Kabiru aliyetiwa pingu. Nyuma ya kinu palikuwa na mlango wa mabati na kufuli kubwa. Ufunguo uliingia bila kusita.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya dawa iliyowakaba koo. Magunia yalirundikwa hadi karibu na paa. Sakafuni palikuwa na turubai lililotandazwa mahindi, nusu meupe, nusu ya waridi, na kando yake mapipa ya rangi na pakiti tupu zenye picha ya hindi nono. Chepngeno aliita jina. Hakujibiwa. Akaita tena, akapanda juu ya magunia, akaangaza tochi upande wa pili.

Phanice Jelimo alikuwa ameketi ukutani, mguu umefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, kitambaa mdomoni. Alifumba macho mbele ya mwanga. Kisha akayafumbua.

Walimvunjia mnyororo kwa nondo ya mwenye kinu. Alikunywa maji, akayatapika, akanywa tena kidogo kidogo. Chepngeno alipotaka abebwe moja kwa moja hadi hospitali, Phanice alitikisa kichwa na kuonyesha mlango. Alitaka kutoka kwa miguu yake. Nje walipita mbele ya Kabiru. Alisema, "Phanice," na Phanice akasimama akamtazama muda, kama mtu anayetazama kitu alichokinunua dukani na kukuta ndani si chenyewe. Akaendelea kutembea.

Kinu kilikuwa kimezimwa. Wanawake wa foleni walikuwa wamejaa uani, kimya, wakitazama magunia ambayo polisi walioitwa kutoka kituo cha jirani walianza kuyatoa.

"Mbegu hizo," mmoja wao aliuliza, mama mwembamba mwenye debe kichwani. "Mbona mnazichukua? Si ndizo tunauziwa hapa?"

"Si mbegu," Phanice alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, ilibidi wasogee. "Ni mahindi ya kula. Yamepakwa rangi tu."

"Mimi nilipanda juzi. Shamba lote."

Wachira alitazama viatu vyake.

"Kwani hayataota?" yule mama aliuliza.

"Yataota, mama. Huo ndio ubaya wake. Yataota vizuri, utapalilia, utaweka mbolea, na mwezi wa kuvuna utakuta vigunzi vidogo visivyojaa punje." Phanice alimshika Chepngeno mkono ili asianguke. "Nenda ukafukue. Mvua haijakaa sawa bado, kuna muda wa kupanda tena. Mimi mwenyewe nitakuja kukuonyesha cha kuweka. Niambie unakaa wapi."

Mama aliteremsha debe lake, akaliweka chini palepale, mahindi yake hayajasagwa. Alitaja jina la kijiji, ng'ambo ya mto Nzoia. Kisha akafunga lesso kiunoni na kuanza kwenda, kwanza akitembea, halafu mbio. Mwanamke wa pili akatoka kwenye foleni bila kuaga mtu, akamfuata. Kisha wa tatu, na wawili wengine pamoja, hadi uani pakabaki madebe yaliyopangwa mstari, na mwenye kinu aliyesimama mlangoni akiyatazama.